Rupia za Bibi Zilizosuguliwa kwa Ndimu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kombani aliniletea sarafu ya fedha ndani ya bahasha. Kabla sijaitoa, nilisikia harufu ya dawa ya meno. Watu wakijua kwamba natazama sarafu za kale huniletea walizozikuta kwenye makasha ya wazee wao, na wengi huzisafisha kwanza, kama mzazi anayempaka mtoto mafuta kabla ya kumpeleka kwa mwalimu. Nilimweleza taratibu kwamba alichokiondoa kilikuwa na thamani kuliko alichokibakisha. Akaondoka amenuna.

Elimu hii sikuipata shuleni. Nimeiokota kidogo kidogo, kwa lenzi moja, mizani ndogo na vitabu vya kuazima. Lakini somo la kwanza nililipata Msambweni, nikiwa na umri wa miaka tisa, na sehemu moja ya somo hilo sikumwambia mtu yeyote mpaka mwaka jana. Ngojeni niwaeleze.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kidani cha rupia saba za fedha, kila moja imetiwa kipete juu na kutungwa kwenye uzi mweusi. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mfalme mwenye ndevu. Hayakuwa mapambo ya kuuzwa. Kila msichana wa mtaa wetu alipoolewa, kidani kiliazimwa, kikalala kifuani pake siku ya harusi, kisha kikarudishwa siku ya saba kimefungwa ndani ya leso pamoja na sahani ya halua. Mama yangu alikivaa. Jirani zetu wote walikivaa. Shavu la mfalme na ncha ya pua yake palikuwa na rangi ya kijivu iliyong'aa kidogo kwa kuguswaguswa, na ndani ya ndevu na baina ya herufi palikuwa peusi tititi. Bibi alizifuta rupia zake kwa kitambaa kikavu cha pamba, basi. "Maji na sabuni ni vya watu," alikuwa akisema. "Fedha ina adabu yake."

Mimi sikuiona adabu hiyo. Niliona uchafu. Chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba usafi ni katika imani, na nilikuwa mtoto wa kushika neno nililofundishwa na kulitumia kila mahali. Wiki ile binti wa nyumba ya tatu alikuwa aolewe siku ya Ijumaa. Jumatatu Bibi alikwenda msibani Kikoneni. Ufunguo wa kasha alimwachia mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba wangu, Bi Zuhura, aliyeolewa kwetu kutoka Ramisi, penye mashamba ya miwa, miezi minne tu kabla ya hapo. Bi Zuhura alipoingia kuoga adhuhuri, aliuacha ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso, na leso imetundikwa mlangoni.

Nilikaa nyuma ya jiko na ndimu tatu, majivu ya vifuu na kipande cha kumbi la nazi, nikasugua. Bado nasikia mkwaruzo ule wa kumbi juu ya fedha, na harufu kali ya ndimu ikichanganyika na moshi. Povu lilitoka jeusi, kisha la kijivu, kisha jeupe. Mfalme aliibuka mweupe kama sufuria mpya. Niliridhika mno. Nilizifuta, nikazirudisha, nikaufunga ufunguo pale pale kwenye pindo. Jioni vidole vyangu vilikuwa vimechanika na ndimu inavichoma. Bi Zuhura aliviona, akavipaka mafuta ya nazi. Akaniuliza nimefanya nini. "Nilikuwa nakuna nazi," nikasema.

Jumatano wakaja wanawake wa kwa bibi harusi kuchukua kidani. Bibi, aliyekwisha kurudi kutoka msibani na ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alifungua kasha, akakiinua. Akazipapasa rupia moja moja kwa kidole gumba.

"Hizi si zangu," akasema.

"Si zako vipi, Bi Mkubwa?" mmoja wa wanawake akauliza.

"Zangu nazijua kama meno yangu. Hizi ni bati. Nimebadilishiwa."

Jirani yetu Mwanatumu, ambaye hakupata kuuzuia ulimi wake hata kwenye maziko, alizichukua, akazigonganisha, akauliza ufunguo alikuwa nao nani. Wote walijua alikuwa nao nani. "Ala! Kumbe!" akasema. "Watu wa Ramisi nilidhani hutafuna miwa tu. Kumbe hata rupia hutafuna!"

Wanawake wakacheka, kicheko kile cha kuziba mdomo kwa leso. Bi Zuhura alisimama na sinia la chai mkononi. "Wallahi mama, sikulifungua kasha," akamwambia Bibi. Jioni nilisikia Bibi akimwambia mjomba kwamba rupia zake zisipopatikana mpaka Ijumaa, amrudishe mkewe kwao Ramisi, kwa sababu nyumba inayoaminiwa na wanawake wa mtaa mzima haiwezi kulala na mwizi.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilidhani ningesema kabla neno "mwizi" halijatoka. Lilipotoka, niliona kama limenipita kimo. Nilijificha nyuma ya mama yangu na vidole vyangu nimevikunja.

Alhamisi asubuhi mjomba aliomba jambo moja tu: kidani kipelekwe kwanza kwa sonara. Tukaenda wanne, yeye, Bibi, Bi Zuhura, na mimi niliyemshika Bibi mkono. Sonara, Fundi Bakari, alikuwa mtu mwembamba, mwingi wa kikohozi na mchache wa maneno. Alimwamkia Bibi shikamoo, akazipima rupia kwenye mizani yake, kisha akasogea dirishani na kuigeuzageuza moja polepole, akiutazama mwanga jinsi unavyotembea juu yake.

"Ni fedha," akasema. "Uzito ni ule ule wa rupia. Na vipete hivi aliviunga marehemu baba. Naijua kazi yake, alikuwa na mkono wa haraka."

"Mbona zimekuwa hivi?" Bibi akauliza.

Akaniita mimi nisogee, labda kwa kuwa macho yangu ndiyo yaliyokuwa mazima. "Tazama, mjukuu wangu. Fedha iliyopita mikononi mwa watu huwa nyeupe penye mwinuko na nyeusi bondeni, maana kidole hakifiki bondeni. Hii ni nyeupe kote, mpaka ndani ya ndevu. Kidole gani huingia ndani ya ndevu? Sasa iinamishe. Unaona mistari myembamba, kama ua uliofagiwa? Sarafu huchubuka huku na huku, kila mchubuko na njia yake. Mistari inayokwenda pamoja ni ya mtu aliyesugua." Akachukua sindano, akachokoa chini ya kipete, akanusa. "Majivu na ndimu. Bi Mkubwa, mwizi haoshi alichokiiba kisha akakirudisha. Rupia ni zako. Zimekoshwa tu."

Mjomba alishusha pumzi kwa sauti. Bibi hakushusha. "Nani?" akauliza.

Bi Zuhura alikuwa akivitazama vidole vyangu. Nilivikunja, nimechelewa.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilitaka bibi harusi apendeze. Niliogopa kusema. Nisamehe."

Bibi alizifunga rupia ndani ya leso yake. Kisha akasema kwamba amesamehe, na kwamba mwanamke asiyejua kutunza kitu cha watu asikiguse tena. Hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja, na yote mawili aliyatimiza. Kwetu desturi ilikuwa mke kijana wa nyumba yenye kidani ndiye anayekwenda kumfunga bibi harusi kidani shingoni, kwa fundo lake maalumu, na mke huyo hutiliwa marashi na kukalishwa mbele. Ijumaa ile aliitwa mama yangu. Harusi zilizofuata pia. Bi Zuhura alizeeka akikaa pamoja na wapishi.

Niliishi miaka mingi nikiamini kwamba alinibebea uongo wa siku moja. Nilipoanza kusoma habari za fedha ndipo nilipojua kwamba weusi hurudi. Rupia zile leo ni nyeusi tena, ingawa ukingoni zina buluu isiyo ya kawaida. Mistari haikuondoka. Iko chini ya weusi, na ukiinamisha kwenye mwanga unaiona yote. Nimewaambia wageni wengi ukweli kuhusu sarafu zao. Ukweli wa hizi sikumwambia Bibi, naye alifariki bila kuujua.

Mwaka jana mjukuu wa Bi Zuhura aliolewa. Nilikipeleka kidani mwenyewe, maana sasa kinakaa kwangu. Chumba kilijaa udi na wanawake. Mwanatumu, amekuwa mkongwe na ulimi wake ule ule, akapaza sauti: "Kificheni mbali na Zuhura, asije akatafuta ndimu!"

Chumba kizima kikacheka, hata wasichana waliozaliwa juzi, ambao hadithi hiyo wameipokea kama wanavyopokea mapishi. Bi Zuhura naye akacheka, kwa mazoea.

"Nilizisugua mimi," nikasema. "Nilikuwa na miaka tisa. Yeye hakuzigusa."

Kicheko kilikatika. Mwanatumu akauziba mdomo wake kwa leso.

Bi Zuhura alinitazama sana. "Mtoto akiitwa mwongo," akasema, "huitwa hivyo mpaka aolewe. Nilidhani kosa la mtu mzima husahauliwa mapema." Kisha akatikisa kichwa. "Sasa, mwanangu, hawa watanicheka kwa lipi?"

Mtu mmoja akamtilia marashi. Nikampa kidani, akaenda nacho nyuma ya mjukuu wake, akainua ncha mbili za uzi. Alizigeuza huku, akazigeuza kule, akajaribu tena, na wote tulingoja. Hakuna aliyekuwa amewahi kumfundisha namna linavyofungwa lile fundo.