Marehemu Bawabu

Fundi Futi aliwekeana sharti moja na dada yake: hakuna kusoma mbele. Ukurasa ambao dada hajausikia uhesabiwe haujaandikwa.

Jina hilo alilipata kwa futi ya kupimia nguo, ambayo haikumtoka shingoni hata msibani. Dada ndiye aliyemlea na kumfundisha cherehani. Sasa presha ya macho ilikuwa imeua jicho lake la kulia, na la kushoto lilibakiwa na mwanga wa kuonea mlango na umbo la mtu. Basi fundi akawa macho yake. Alimsomea maandishi ya kwenye chupa za dawa, barua za hospitali na, kila jioni akishafunga duka, riwaya.

Riwaya yenyewe ilihusu jiji ambalo wafu wake hufufuka na kurudi kazini. Karani anakuta kiti chake kina mtu. Dereva anakuta mkewe kaolewa. Katika kitabu cha kwanza dada alimpenda bawabu mmoja, binadamu hai kama mimi na wewe, aliyewaficha waliofufuka kwenye chumba cha mabomba. Kitabu cha pili walikisubiri miaka miwili.

Kilipofika, fundi alishindwa kuvumilia. Mchana, suruali za watu zikiwa mezani hazina pindo, alisoma kurasa arobaini. Humo bawabu alichomwa kisu, akafa, wala hakufufuka. Jioni fundi akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kumsomea dada kwa sauti ya mtu asiyejua kitu.

"Marehemu bawabu akachukua funguo zake," akasoma.

Dada akaweka kikombe chini. "Marehemu nani?"

"Ulimi umeteleza, dada. Kitabu kizima maiti watupu, mtu ataachaje kuchanganya?"

"Ulimi hauna macho, mdogo wangu. Macho yako yameshafika huko. Umesoma mbele?"

Neno moja la kukiri lingetosha. Fundi akaapa kwamba hajasoma.

Siku tatu baadaye bawabu akafa kitabuni. Dada hakumsuta. Alisema tu kwamba inatosha, kifungwe. Tangu hapo kila alichosomewa alikiuliza: hicho kimeandikwa, au umekitia wewe? Hata chupa za dawa alianza kuzitofautisha kwa kuzinusa.

Mwezi uliofuata ikaja barua ya hospitali. Fundi aliisoma neno kwa neno: jicho la kushoto lifanyiwe upasuaji kabla ya mwezi kwisha, la sivyo litafuata la kulia. Dada alikuwa akiogopa kisu tangu zamani, na mwenye hofu hutafuta sababu ya kungoja. Hii alikuwa ameshapewa. Akasema atamsubiri jirani yao, mwalimu mstaafu, arudi safarini amsomee yeye. Fundi alimsihi, akapiga magoti, akaapa. Lakini kiapo alikuwa ameshakitumia kwa bawabu wa kwenye karatasi.

Mwalimu alirudi baada ya wiki sita. Aliisoma barua akiwa bado amesimama, na ilikuwa vilevile, hakuna nukta iliyoongezwa. Wakaenda hospitali wote watatu. Daktari alimulika jicho, akazima tochi, akasema wamechelewa.

Dada ni kipofu sasa, na jicho lile lingeweza kupona.