Chakula Walichomficha Yaya

Yaya wangu, dada yetu mkubwa, ameishi Ubelgiji miaka ishirini na sita. Kule alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, na sasa amestaafu. Mwaka huu alikuja Goma kwa wiki mbili, na siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua sanduku, aliniambia kwamba amekuja kuamua jambo moja tu: ajenge kwenye sehemu yake ya kiwanja alichotuachia baba pale Katindo, arudi kuzeekea kwetu, au nimtafutie mnunuzi.

Nilitaka arudi, na sitajifanya kwamba nilikuwa namfikiria yeye tu. Wazazi wetu wamekufa, ndugu wengine wako Bukavu, na nimefika umri ambao mtu anahitaji angalau mtu mmoja anayekumbuka kwamba alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Bibi yangu niliyemwoa ananiheshimu kwa sababu wakati ule hakuwepo.

Wiki mbili zikaishia kwenye misa, kwenye kulia wafu wa zamani, na kwenye viti vya sebuleni. Ilipobaki siku moja, yaya akasema, "Mudogo, kesho unizungushe. Nataka kula bitu bya kwetu. Nikisha kula, nitajua."

Mtu mwingine angejibu "sawa" akaenda kulala. Mimi nilisoma chuo kikuu. Nilichukua karatasi nikaandika ratiba ya watu watatu ambao nilikuwa nimewahi kuwaandikia makala nikiwasifu: mzee wa fromaji, yaani jibini, mama wa kahawa, na mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nikaazima gari la mwenzangu, nikaliosha. Kisha nikawapigia simu wote watatu kuwaambia kwamba kesho wangempokea mgeni kutoka Ulaya. Yaya sikumwambia. Nilitaka aone kwamba mji wenyewe unamkumbuka.

Tulianza kwa mzee wa fromaji saa tatu asubuhi. Fromaji zake zinashuka kutoka milima ya Masisi zikiwa bado nyeupe, naye anazipanga kwenye mbao katika chumba chenye kuta za mawe meusi ya volkano. Anazigeuza na kuzipangusa kwa kitambaa cha maji ya chumvi kila siku, mpaka zipate ngozi ya njano. Katika makala yangu nilikiita chumba hicho "hekalu". Mlango wa hekalu ulikuwa umefungwa. Nje kulikuwa na meza, kitambaa cha maua, na sahani moja iliyofunikwa.

"Karibu mama, ikala," mzee alimwambia yaya akimsogezea kiti, akafunua sahani. Ndani kulikuwa na vipande vya pembetatu vya fromaji ya dukani, kila kimoja katika karatasi yake ya kung'aa.

Yaya alikitazama kipande kama mtu aliyekutana na jirani wa Ubelgiji sokoni Goma. "Papa, na ile yako?"

"Yangu?" Mzee alicheka kwa aibu. "Yangu inanuka, mama. Ile tunakula sisi."

"Ndiyo hiyo nataka."

"Ah, mama, usinichekeshe. Mugeni namupa kitu chenye harufu ya ng'ombe?"

Nilijaribu kuingilia. Mzee akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini nisimwaibishe mbele ya watu, maana alikuwa ametembea mpaka katikati ya mji kuzitafuta zile pembetatu. Yaya alizisikia jitihada hizo. Akala mbili, akasema asante. Mlango ulibaki umefungwa.

Nikajiambia huyo ni mmoja tu. Mwanadamu aliyekwisha kuandika ratiba hakati tamaa kirahisi.

Mama wa kahawa yuko Mabanga. Alitoka Butembo na kikaango chake, na anakaanga kahawa juu ya makaa uani, akiikoroga kwa mwiko mpaka mtaa mzima unajua ni saa ngapi. Siku hiyo mtaa haukujua kitu. Makaa yalikuwa baridi. Alitupokea kwa vikombe vyenye visahani, chupa ya maji moto, maziwa ya unga, na kopo la ile kahawa inayoyeyuka yenyewe.

"Leo hukukaanga, mama?" nilimuuliza, nikisikia sauti yangu ikipanda.

"Nikaange, moshi imuingie mugeni kwa nguo? Papa, wewe mutu wa masomo, unauliza nini?"

Yaya alisema polepole, "Mama, hii ya kopo nakunywa kila siku kule."

"Unaona?" Mama akanigeukia kwa furaha. "Nilijua! Nilisema nimupe kitu chenye alizoea."

Yaya alikunywa. Aliongezewa kabla hajamaliza, akanywa tena. Garini nikaanza kueleza namna udongo wa volkano unavyoipa kahawa yetu ladha, jambo ambalo ni kweli, na ambalo kwa wakati ule lilikuwa upumbavu mtupu.

Tulipofika kwa mama wa sambaza karibu na ziwa, harufu ilitutangulia. Sambaza zilikuwa zinalia kwenye mafuta nyuma ya ukuta wa mabati. Yaya alisimama, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona anatabasamu, na moyoni nikaanza kununua saruji ya nyumba yake.

Mama akatupeleka upande mwingine, chini ya mwavuli, kwenye sahani mbili za saladi, mayoneze, na sardini za kopo zilizopangwa kama wanafunzi.

"Na zile zenye zinanukia?" yaya aliuliza.

"Zile ni za watu wa pikipiki."

Yaya aliinuka, akazunguka ukuta wa mabati. Wanaume watano walikuwa wamekaa kwenye benchi wakila sambaza kwa mikono, na ugali. Alipowaomba wasogee kidogo, wote watano wakasimama kwa pamoja, kwa heshima kubwa, wakachukua sahani zao wakaondoka. Mama akaipangusa benchi. Akatandika kitambaa. Akaondoa karai jikoni ili mafuta yasimrukie mgeni. Kisha akamletea sardini zake pale.

"Mama," yaya alisema, "ni nani alikuambia mimi ni mugeni?"

"Papa huyu hapa! Alipiga simu, akasema, 'Tujikaze, mutu wa Ulaya anakuja, tusipate haya.'"

Sikumbuki kama nilitumia maneno hayohayo. Nadhani nilitumia.

Hatukugombana pale. Tuligombana garini. Nilisema hiyo ndiyo heshima yetu, kwamba hata marehemu mama alikuwa akificha sombe, yale majani ya muhogo, padri akija. Nilisema wale watu walijinyima kwa ajili yake. Yote yalikuwa kweli, na kila nililosema lilinizamisha zaidi.

"Uliwapigia wote?" aliuliza.

"Wote."

"Juu ya nini?"

Nilikuwa na sababu nyingi, na kila moja ilikuwa na sentensi nzuri. Nikasema, "Niliogopa usipende."

"Kule niko mugeni miaka ishirini na sita," akasema. "Sitajenga nyumba ili niendelee na kazi ileile hapa."

Nilimuuliza kama nitafute mnunuzi. Alitazama nje, kwenye ukuta wa mawe meusi uliokuwa ukipita dirishani. "Usitafute kwanza. Nitarudi mwezi wa saba. Siku gani, hutajua. Nitafika nikute munakula nini, nami nitakula hicho. Halafu nitakuambia. Na usimwambie mutu."

Alisafiri kesho yake. Nilimwambia bibi yangu peke yake, kwa sababu ni bibi yangu. Bibi yangu alimwambia rafiki mmoja wa kwaya.

Sasa tuko mwezi wa saba. Nilikwenda kwa mzee wa fromaji kumwomba, yaya akija, asijiandae. Alinisikiliza kwa makini, mikono yake ikiwa na chumvi, kisha akauliza swali ambalo chuo kikuu hakikunifundisha kulijibu: "Sasa, nisijiandae namna gani?"

Nyumbani nilikuta kuku wawili wamefungwa mguu nyuma ya jiko. Nilimuuliza bibi yangu ni wa nini.

"Wa kula tu," alisema, bila kuniangalia.

Hii ni wiki ya tatu wako pale. Hatujawala.