Minyoo ya Perege na Koo la Korongo

Siku ile ya kupasua perege kule Lupaso, mwanangu, naikumbuka kwa ajili ya kitu kidogo kama punje ya mchele.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Bwana shamba alimletea baba vifaranga vya samaki, baba akachimba bwawa bondeni. Tulivua mara ya kwanza kwa karamu ya kaka zangu kutoka jandoni. Nilipopasua perege wa kwanza nikaona minyoo ya manjano katika nyama, kila mmoja amejikunja ndani ya kifuko chake. Nikamchokoa mmoja kwa mwiba, akajinyoosha. Nilitaka kumtazama zaidi, lakini shangazi alikwisha kuwaita watu.

Wakubwa wakasema bwawa limerogwa. Wakamtaja Bibi Somoe, mjane jirani yetu, kwa kuwa kila asubuhi alichuma mboga ukingoni. Wakataka ahame kijiji kabla ya jua kuzama. Yeye alikaa mlangoni pake, amekumbatia kikapu. Shauri likamngoja mjomba, ndugu yake mama, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno, naye alikuwa njiani kutoka Kitangari.

Nilikuwa na haya, mwanangu. Hata shikamoo yangu ilisikika kwa shida. Mjomba alipofika nikamnong'oneza kwamba asubuhi ile, nikimnyonyoa korongo aliyenaswa na wavulana bwawani, niliona minyoo kama ile kooni mwake. Hakunicheka. Tukakiokota kichwa cha ndege jalalani, akakipasua mbele ya wote. Minyoo ilikuwa imeng'ang'ania humo, minene kuliko ya samaki.

Mjomba akamgeukia baba. “Haya, shemeji, na ndege huyu naye alikwenda kuchuma mboga?”

Mtu mmoja akacheka, wengine wakatazama chini. Bibi Somoe akaweka kikapu. “Mie nilijua leo nalala porini,” akasema.

Karamu tulikula kuku. Lakini mnyoo alitokaje kwa ndege akaingia kwa samaki? Swali hilo nilikaa nalo miaka, hata nikaja kusikia kuwa hupitia kwa konokono wa majini. Kuuliza si ujinga.

Basi, mwanangu, usimwite mtu mchawi kwa jambo ambalo hujalipasua ukaliona ndani. Na ulichokiona kiseme, japo kwa sauti ya mbu, kwani mwenzio aweza kulala kwake kwa neno lako. Mungu akujalie macho ya kuchungua na ulimi usiofungwa na haya, na jirani yako akae salama kwa kuwa wewe upo.