Ndafu, Bibi na Tangazo la Godoro

Jamani, leo nimejuta kulipia muziki. 😂

Tupo Machame kwenye kipaimara cha binamu yangu Ndeshi. Kaka Eli ndiye kaunganisha simu kwenye spika, anatumia ile programu ya muziki ya bure. Nilimwambia tangu asubuhi, "Kaka, tumia yangu. Mimi nalipia, matangazo siyajui."

Akanijibu, "Wewe kaa ule."

Sawa.

Ukafika wakati wa ndafu kuingia. Wapishi wamembeba mbuzi mzima wa kuchoma, majani mdomoni, watu wote tumesimama na simu juu.

Muziki ukakatika, tangazo likaanza kuimba:

"Godoro laini, godoro la familia!"

Nilimwangalia Eli nikicheka mpaka basi. Si nilikwambia?

Kumbe bibi yetu yuko katikati ya njia, kashika kiuno, anacheza godoro! Mama wadogo wakajipanga nyuma yake. Hadi wapishi wakaanza kuyumba na mbuzi wao.

Tangazo likaisha, wimbo ukarudi. Bibi akasimama palepale.

"Rudisheni ule wa godoro. Bila hivyo mbuzi hapiti."

Eli akajaribu, wapi! Tangazo halirudishwi. Akanionyesha kidole: "Bibi, muulize huyu anayelipia, atakuwa nao."

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Nikatafuta weee. Kwangu hakuna tangazo hata moja!

Ikabidi nimwimbie bibi godoro kwa mdomo wangu, nikirudia na kurudia, mpaka mbuzi akafika mezani.

Wenzangu mnaolipia, naomba kuuliza: ukitaka na matangazo, unaongeza shilingi ngapi?