Mama wa Chumba cha Uani

Mie nimelelewa kwamba kwa wifi huendi ghafla kama unakwenda gengeni. Unapiga simu kwanza, mwenye nyumba ajiandae. Basi miaka miwili yote mama alipokuwa anaishi kwa kaka yangu Chamazi, kila nikienda nilimkuta kakaa mkekani, kaogeshwa, kajitanda khanga inayonukia udi. Wifi ananimiminia chai. Narudi zangu Ukonga nikimsifia njia nzima. Mjinga mimi!

Jumatano moja nilikuwa na msiba mtaa wa jirani na kwao, nikapitiliza bila kupiga simu. Kaka yuko kazini, wifi kaenda saluni, geti limeegeshwa tu. Nikapiga hodi mpaka nikachoka. Nikazunguka uani. Kile chumba cha kuwekea mkaa kilikuwa na komeo kwa nje, na ndani mtu anakohoa.

Nikafungua. Harufu ya mkojo ikanipokea. Mama alikuwa chini, juu ya boksi lililokunjuliwa, macho yake yenye ukungu yakitafuta mlango ulipo.

"Shikamoo," akasema harakaharaka. "Leo sijachafua."

Jamani! Kanidhania mimi ni wifi; mama yangu mzazi anamwamkia mkwewe!

"Mama, ni mie mwanao."

"Wewe?" Akaanza kuficha miguu kwa khanga iliyochanika. "Si ungepiga simu, mwanangu, wakaniogesha."

Nikalia. Nikamtukana kaka, nikamtukana wifi, matusi ambayo sijawahi kuyatamka mbele ya mama. Nikamwambia inuka, tunaondoka sasa hivi. Akanishika mkono.

"Mumeo umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili, na mume wangu alishasema mama ana mtoto wa kiume mwenye nyumba yake. Mama alilijua hilo.

"Kamuulize kwanza. Nikifukuzwa na kwako nitakwenda wapi? Na ufunge kama ulivyokuta, wifi yako asije akajua umeniona hivi. Anayebaki naye ni mimi."

Nikamnywesha maji. Nikamfuta uso kwa mtandio wangu. Nikatoka, nikarudishia komeo.

Jumamosi nilikwenda kumchukua, mume wangu anune asinune. Ukoo mzima unanisifu mpaka leo, eti mtoto wa kike ndiye mtoto. Kaka na wifi ndio wanaosemwa, na wasemwe. Lakini Jumatano ile mchana, aliyemfungia mama yangu ndani ni mimi.