Ujumbe Uliotangulia Moto

Sikutaka kwenda Newala. Kazi yangu ni kuchunguza simu na kompyuta zinazokamatwa na polisi, na kazi hiyo hufanyika mezani Dar es Salaam, chini ya feni. Ripoti nilikwishaipeleka, na mihuri yake miwili. Lakini hakimu akaandika barua: aliyeiandika aje aieleze kwa mdomo wake, maana kuna mtu yuko mahabusu, huu mwezi wake wa nane, kwa sababu ya ripoti hiyo. Nilinuna wiki nzima.

Kesi yenyewe niliiona nyepesi. Kijijini Mkunya, huko Newala, ghala la mnunuzi wa korosho, mmoja wa wale walioingia biashara hiyo ilipofunguliwa kwa watu binafsi, liliungua saa tatu usiku. Jirani yake Saidi, fundi baiskeli, alimtumia shemeji yake ujumbe: "Ghala linaungua njoo na watu." Simu yake ilionyesha ujumbe ulitumwa 15:20, yaani saa tisa na dakika ishirini alasiri, karibu saa sita nzima kabla ya moto. Nani atatangaza moto ambao haujawaka, kama si aliyepanga kuuwasha?

Siku ya kwanza iliishia kwenye tope kati ya Ndundu na Somanga. Utingo alitushusha tusukume basi, nami nikasukuma kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mkoba wa kompyuta kichwani. Abiria mwenzangu aliniuliza nauza nini.

Masasi tulifika kesho yake mchana, jua likichoma hata majabali. Nikampigia simu karani wa mahakama.

"Karibu sana, bwana mtaalamu. Ila uje na nakala sita za ripoti. Mashine yetu ya fotokopi imekufa."

Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Nilizunguka soko kutafuta mwenye jenereta mpaka miguu ikawaka, nikapata nakala tatu zinazosomeka na tatu za kubahatisha. Simu yangu nayo ikazimika, pa kuichaji hakuna.

Siku ya tatu, pikapu ilitupitisha Chiungutwa, kisha ikaanza kupanda mlima. Juu Newala nilikuta ukungu na baridi ambayo hakuna aliyenionya. Kwenye nyumba ya wageni mhudumu alinipa nusu ndoo ya maji.

"Hayo nayo yamepanda mlima, baba. Usiyamwage."

Asubuhi mahakamani nilikuta mama mmoja kwenye benchi, amepakata kibakuli kilichofungwa kwa kitambaa. Simu yangu ilikuwa ingali imezima, nikamuuliza yeye.

"Dada, saa ngapi?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Saa ngapi?"

Akanipa simu yake nisome mwenyewe. 04:10.

"Saa yako imeharibika, mama. Hii inasema saa kumi alfajiri."

"Imeharibika wapi? Si inasema nne? Na sasa si saa nne? Wewe unasoma nini?"

"Saa ya simu haisomwi hivyo."

"Huko kwenu. Hii aliniwekea Baba Zuhura, na yake kaiweka vivyo hivyo."

"Baba Zuhura ni nani?"

"Saidi, fundi baiskeli. Ndiye niliyemletea chakula. Kuna bwana wa Dar kaandika eti alitangaza moto kabla haujawaka."

Nilifungua ripoti. Ujumbe unaotumwa hubeba saa ya simu yenyewe. Unaopokelewa hubeba saa ya mtandao. Jibu la shemeji, "Nakuja sasa hivi," liliingia 21:22. Nilikuwa nimeliona! Nikaandika kwamba shemeji alichelewa saa sita kujibu, nikaendelea na chai yangu. Kumbe simu ya Saidi ilirudishwa nyuma saa sita kwa makusudi, na ujumbe wake ulitoka saa tatu na dakika ishirini usiku, ghala likiwaka. Kila siku naona kumi na tano nasema saa tisa, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukataa usumbufu huo na kuiweka simu iseme saa anayoijua. Hasira zote za tope na fotokopi zikanigeukia mwenyewe. Sikumwambia mama yule kuwa bwana wa Dar ni mimi. Niliona haya.

Hakimu aliniuliza swali moja tu.

"Ulilinganisha saa ya simu na saa ya ukutani?"

"Hapana, mheshimiwa."

Nikaeleza yote, nakala sita za upuuzi wangu zikiwa mezani. Mwendesha mashtaka aliomba kuondoa shauri, na saa saba Saidi alikuwa nje.

Kesho yake nilishuka mlima kurudi Dar. Siku hizi, kabla sijagusa kitu kingine, naandika simu inasema saa ngapi na ukuta unasema saa ngapi, kisha nauliza mwenye simu ana desturi gani. Wenzangu wananiona msumbufu.

Lakini siku ile ile, kabla sijaondoka, nilimfuata Saidi nje ya mahakama, mkewe, yule mama wa kibakuli, akiwa kando, nikamwambia mimi ndiye niliyeandika, nikamwomba radhi. Alinitazama bila ukali.

"Yameisha, baba. Ila siku nyingine nikiona kwa jirani kunaungua, nitafunga mlango nilale."