Paker na Waya Mfupi

Muuza duka wa Kitengela aliniuliza swali moja tu: nataka waya wa mita moja au wa mita tano. Nikamuuliza tofauti ni gani. Akanitazama jinsi mimi ninavyowatazama wanafunzi wangu wakiuliza jambo lililoandikwa ubaoni, akasema, "Mwalimu, tofauti ni urefu." Nikachukua mfupi. Nilijiambia kwamba laptopu na televisheni vitakaa meza moja, na tena ule mfupi ulikuwa unaingia mfukoni. Sikufikiria mama mkwe atakuwa wapi, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kila kitu katika boma lile hupangwa kulingana na mahali mama mkwe alipo.

Mimi ni Mkamba niliyeoa Umaasaini, mbele kidogo ya Kisaju. Siku ya harusi nilimpa mama mkwe kondoo jike, na tangu hapo hakuna majina kati yetu. Yeye huniita Paker nami humwita Paker, yaani yule tuliyeunganishwa naye kwa kondoo. Neno ni tamu lakini lina masharti yake. Paker na Paker hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja. Nikiingia sebuleni, yeye hutoka kwa mlango wa jikoni. Nikimsikia anakuja, mimi hukumbuka ghafla kwamba nilitaka kwenda kuona ng'ombe. Wengi kanisani kwao wamelegeza siku hizi, wanakula na wakwe zao na kutaniana. Yeye hajalegeza. Tumezungumza miaka yote hii kupitia dirishani, na mgongo wake naujua kuliko uso wake.

Mke wangu, binti yake, alikuwa ameenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mimi nilikuwa nikimwona kwenye simu karibu kila siku. Mama yake hakuwa akimwona, kwa sababu macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na hospitalini Kajiado walikuwa wamemwambia asubiri zamu yake ya kupasuliwa. Akipewa simu alikuwa akiigeuza huku na huku, anaisogeza hadi inagusa pua, kisha anairudisha. "Sauti nasikia," alikuwa akisema. "Mtoto simwoni."

Halafu akaanza kusema kwamba hata sauti haipendi. Sauti ya huyu mtoto inachechemea, alisema. Nikamwambia, kupitia dirishani, kwamba mtoto yuko salama, mimi mwenyewe namwona.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Uso, Paker."

"Uso peke yake?"

Sikuelewa anataka nini zaidi ya uso. Mtu akikupigia simu huoni magoti yake. Lakini msichana wa jirani yao alikuwa amerudi kutoka huko huko ndani ya sanduku, na watu wake walikuwa wakiambiwa yuko salama hadi wiki ya mwisho. Mama mkwe alikuwa amekaa matangani pale, na tangu siku hiyo akawa hataki kuambiwa. Alitaka aone. "Kama mtoto wangu hawezi kuonekana mzima," alisema, "basi mniambie kuna nini."

Ndipo nikapata wazo la televisheni. Shemeji yangu alikuwa amewanunulia kubwa kweli, ya kuangalia mpira. Mama akisimama mbele yake huwa anaona wachezaji wakikimbia na hata rangi za jezi. Nikapanga na mke wangu atupigie saa ambayo mabosi wake hulala mchana, nikabeba laptopu yangu na waya wangu mfukoni, nikaenda. Shemeji alikuwa amepeleka ng'ombe sokoni Kajiado, mkewe yuko mkutano wa akina mama kanisani. Bomani tulikuwa mimi na Paker tu.

"Takwenya, Paker," nikasalimia nikiwa uani.

"Iko," akajibu kutoka jikoni. "Ingia. Mimi niko huku."

Nilipoingia sebuleni ilibidi niinue macho. Shemeji alikuwa ameitundika televisheni juu kabisa, karibu na dari, ili mbuzi wadogo wanaoingia ndani wasiiguse. Nikapanda kwenye kiti nikachomeka waya. Niliposhuka, ncha ya pili ilining'inia mbele ya kifua changu. Meza iliyokuwepo ilikuwa ya magotini. Nikaweka kigoda juu ya meza, laptopu haikufika. Nikaweka mto wa kochi juu ya kigoda, laptopu ikainama nusura iende chini. Mwishowe nikaishika mikononi. Mimi hufundisha Kiswahili, na kila mwaka huwaambia watoto kwamba mashine hii inaitwa kipakatalishi kwa kuwa unaipakata. Hawaniamini, huwa wanacheka. Siku hiyo niliipakata kama mtoto mwenye homa.

Televisheni ikaandika kwamba hakuna kitu. Nikatafuta rimoti. Ilikuwa imefutika maandishi yote kwa vidole vya watu, imebaki na vitufe vilivyofanana kama meno. Nikabonyeza kimoja, sauti ya mahubiri ikajaa nyumba. Nikabonyeza kingine, ikawa kimya na rangi ya buluu. Nikabonyeza vyote, nikiwa nimeipakata laptopu kwa mkono mmoja, na jasho linaniingia machoni. Ghafla ikatokea picha ya mlima wenye theluji, ile picha ya laptopu yangu.

"Paker, imeshika?" akauliza mama mkwe, sasa akiwa nje ya dirisha.

"Imeshika kidogo."

"Unaona mtoto?"

"Naona mlima."

"Mlima ya wapi?"

Sikujua ni mlima wa wapi. Ulikuja na laptopu.

Kabla sijajibu, mke wangu akapiga. Uso wake ukatokea kwenye laptopu, hapa kifuani pangu, lakini midomo ilipofunguka sikusikia kitu hapo. Sauti ilitoka juu, kule kwenye televisheni, kubwa na safi. Akamwita mama yake kwa Kimaa, kama anavyomwita kila akifika kwao, "Yeyo, niko hapa."

Nikasikia kitu kikianguka nje, sufuria nadhani, na miguu ikikimbia kuzunguka nyumba hadi mlangoni. "Amefika?" mama mkwe akauliza, na pumzi imemwishia. "Amekuja na nini? Gari sijasikia."

"Hajafika, Paker. Ni sauti."

"Sauti iko ndani ya nyumba."

"Sauti iko ndani. Yeye yuko huko."

Nilijisikia vibaya sana kusema hivyo. Alibaki mlangoni nyuma ya pazia, sikumwona, niliona tu vidole vyake vya miguu chini. Juu ya kichwa changu mke wangu aliendelea kuongea kutoka kwenye mlima wa theluji, na uso wake ulikuwa kwangu ukimumunya bila sauti. Sikujua niangalie wapi.

"Mbona unaangalia juu?" mke wangu akaniuliza.

"Natafuta uso wako."

"Uso yangu si iko hapo?"

"Iko hapa. Inatakiwa iende kule."

Nikahangaika na ule mshale mdogo. Nikausukuma ukapotea, ukatoka kabisa pembeni mwa laptopu. Nikausukuma tena, haupo. Nilikuwa karibu kutukana. Kisha nikauona juu, unatembea kwenye theluji ya televisheni, umetulia kama ng'ombe aliyevuka ua wa jirani akapata nyasi. Kumbe kwa akili za mashine vioo vile viwili ni shamba moja, na mtu anaweza kutoka upande mmoja akaingia wa pili. Nikaurudisha, nikamkamata mke wangu kwa ukingo wa juu, nikamvuta. Akaanza kwenda. Pakawa na wakati ambapo jicho moja na nusu ya mdomo vilikuwa kwangu, na nusu nyingine iko kwa mama yake. Kidole changu kilisita hapo, sijui kwa nini. Halafu nikavuta hadi mwisho, akaenda mzima. Nikabaki nimepakata mlima.

"Paker," nikaita. "Amefika kwa TV. Njoo umwone."

"Wewe toka kwanza."

"Nikitoka na yeye atatoka. Waya ni fupi."

Nadhani naye alikuwa akifikiria kama mimi, kwamba kuna njia. Nilijaribu kupima kwa macho kutoka televisheni hadi dirishani, lakini pale nje yeye angeona mwanga tu. Nilifikiria kufunga laptopu ukutani kwa shuka. Nilifikiria ule waya wa mita tano ulivyokuwa umekunjwa vizuri dukani. Na mke wangu alikuwa akisema kwamba watu wa nyumba hulala kidogo tu, kisha huamka.

Basi nikageuka, mgongo ukutani chini ya televisheni, nikaigeuza laptopu itazame kochi ili kamera imwone mama, nikaiinua mbele ya uso wangu. Nikawa kigingi chenye miguu. "Mimi sioni kitu, Paker," nikasema. "Ingia."

Pazia likasogea. Nikasikia shanga zake zikija, polepole, zikapita kochi bila kusimama, zikaja hadi karibu nami kabisa. Nilisikia harufu ya moshi na maziwa. Sijawahi kuwa karibu naye namna ile.

"Mama, rudi nyuma kidogo," mke wangu akasema kutoka juu. "Naona shanga tu."

Akarudi nyuma. Nami nyuma ya laptopu nikawa nangoja acheke au alie. Kisha wakaanza Kimaa. Kimaa changu ni cha jikoni na cha ng'ombe, maneno mengine hunipita kama magari ya barabara ya Namanga. Nilisikia ndiyo nyingi za mke wangu. Nikasikia mama akisema jambo fupi, mke wangu akicheka, mama akilirudia, naye hakucheka tena.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema nivue sweta," mke wangu akanijibu kwa Kiswahili. "Huku joto ni mingi na mimi nimevaa sweta. Anauliza kwa nini."

Ni kweli. Kila siku nilikuwa naona ukosi wa sweta ile ya kijivu chini ya kidevu chake. Nilidhani ni sare ya kazi.

Nikasikia nguo ikisuguana juu ya kichwa changu, sauti kubwa ya televisheni, kama mtu anavua shati masikioni mwangu. Nikasikia mama akivuta pumzi, na neno nililolijua: *enkaina*, mkono. Kisha mke wangu akasema jingine ambalo kila Mkamba aliyekaa jikoni kwa Wamaasai analijua: *enkima*, moto. Nilitaka kugeuka. Nikigeuka, laptopu ingegeuka nami, wasingeonana tena. Nikabaki nimesimama, macho kwenye kifuniko cheusi, na mbele yangu hakuna hata mlima.

Mama mkwe hakulia. Aliuliza maswali, moja baada ya jingine, kwa sauti ile anayotumia akiulizia ndama mgonjwa. Mke wangu alijibu yote. Baadaye akasema haraka kwamba anasikia mtu ameamka, akaniita baba wa mtoto wetu, akasema nisikasirike, na sauti ikakatika.

Niliendelea kuishika laptopu. Nilikuwa naogopa kuishusha na kumkuta yuko pale.

"Paker," mama mkwe akasema. "Weka hiyo kitu chini. Keti."

Nikachomoa waya. Nikaketi mwisho wa kochi, macho sakafuni. Kochi likabonyea upande wa pili, na nikaelewa kwamba ameketi pia. Akanyoosha mkono wake wa kushoto kati yetu, ili niuone, akapitisha kidole kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo. "Kutoka hapa, mpaka hapa," akasema. "Mafuta ya kupika. Tangu mvua ile ya kwanza. Hospitali hawakumpeleka, walimpatia dawa ya kupaka. Anaosha vyombo na hiyo mkono." Akavuta shuka lake, akaufunika mkono. "Amekuficha kwa sababu uko na hasira ya haraka. Mimi amenificha kwa sababu sioni."

Nilisema nitawapigia simu wale wa ofisi ya Kitengela waliompeleka. Nilisema nitaandika barua. Nilisema maneno mengi ya kimwalimu, yote nikiyaambia sakafu. Aliniacha nimalize.

"Simu hapana," akasema. "Kesho tunaenda. Nitawaambia vile nimeona."

Nikamweleza kwamba ofisi yenyewe ni ndogo, ni kichumba kimoja juu ya duka, kina meza na viti viwili. Nilimwambia anaweza kungoja chini, mimi nipande.

Akageuza uso wake, akanitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe katikati, na yalinitafuta kidogo kabla ya kunipata.

"Viti si ni viwili," akasema.